Pindo la Kushoto

"Kwa hiyo hiki nacho mnakiita komeo?" Mama Zipu alikishika kile kidude kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota mende mfu. "Msumari mmoja! Mtu akipiga chafya koridoni mlango unafunguka. Mimi nimelipia chumba, sikulipia banda la kuku."

"Mama, punguza sauti. Kuna wageni wamelala."

"Saa tisa mchana? Tena kwa komeo hili? Hao hawajalala, wamezimia."

Mtu wa mapokezi, baba mmoja wa makamo mwenye shati la kijivu lililopauka mabegani, alishusha pumzi. "Mwezi uliopita ulikuja na ugomvi wa taa ya ngazi. Mwezi wa nyuma yake, bomba la choo. Sisi hapa tunakuita Bwana Afya."

"Niiteni mtakavyo. Bisibisi ipo, au nitoe yangu?"

Akatoa yake. Mkobani mwa mwanamke yule kulikuwa na bisibisi, skrubu tatu zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari, na kipande cha mshumaa. Alipiga magoti, akang'oa msumari, akazikaza skrubu moja baada ya nyingine, huku yule baba akimtazama kama mtu anayetazama paa la nyumba yake likibebwa na upepo. Alipomaliza, yule baba aliinama akasema kwa sauti ya chini, "Lakini hili usiliandike, dada yangu. Tafadhali."

Hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya Mama Zipu. Si kwenye bisibisi. Watu wa gesti zote za upande ule wa jiji walijua kwamba mama huyu huandika, na akiandika chumba fulani hakifai, wanawake hawakilali tena.

Kwao, mji mdogo wa mwendo wa saa saba kwa basi, alikuwa na meza sokoni yenye ukubwa wa mlango uliolazwa. Zipu za kila rangi zilining'inia mbele yake kama mvua iliyogoma kufika chini. Vifungo vilikaa kwenye makopo, lastiki kwenye vipande vya mbao, bitana na nyuzi chini ya meza. Mafundi cherehani wote wa mji walimtegemea. Biashara ile aliianza kwa kusukumwa, si kwa kupenda. Mume wake alikuwa mwashi, akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa, na kiuno kikakataa kazi. Watoto hawajui kiuno, wanajua kula. Basi mke akafunga mkoba, akaenda jijini kununua vitu vya kuuza.

Safari ile ya kwanza hakuisahau. Gesti ya kwanza walimwuliza, "Unamngoja nani?" Ya pili hivyo hivyo. Mwanamke peke yake na mkoba, ama amemkimbia mume wake, ama anamvizia wa mwenzake. Kwamba amekuja kununua nyuzi haikumwingia mtu akilini. Ya tatu walimpa chumba, na kabla hakujacha mtu alikitikisa kitasa chake mara mbili. Alikaa kwenye kiti alichokiegemeza mlangoni, macho makavu, hadi asubuhi. Kisha akaenda madukani akisinzia kwa miguu, akanunua zipu mia mbili zisizo na vichwa. Mia mbili! Zipu isiyo na kichwa ni utepe wenye meno, haifungi wala haifungui. Mafundi walicheka mwaka mzima, wakambandika jina, na jina likaganda.

Lakini hakuwa mtu wa kung'atwa na nyoka yule yule mara mbili. Alinunua daftari. Kila aliporudi aliandika: gesti ipi ina ngazi zenye taa, mwenye duka yupi hupunguza kwenye mita, yupi mkono wake hupenda kupumzika mgongoni mwa wateja. Darasa la saba lilimtosha. Wanawake wa sokoni walipoanza kusafiri nao, walikuja kuazima daftari, wakanakili kwa mkono, wakaliita Katiba. "Katiba inasema usile kitu cha mtu usiyemjua kwenye basi." "Katiba inasema ukiulizwa unamngoja nani, jibu kaka yako askari." Walicheka, lakini waliifuata. Hata mwenyekiti wa kikundi chao, muuza mabeseni mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa na nakala yake ndani ya mfuko wa plastiki.

Katiba ilikwenda miaka tisa kwa mkono. Halafu Mama Zipu akachoka kuona imenakiliwa ovyo, akaipeleka kwa mtu wa fotokopi karibu na kituo cha mabasi cha jijini. Ilipigwa chapa, kurasa sita, jina lake juu. Mtu wa fotokopi akasema, "Mama, hii niachie nakala niwe nawauzia kina mama wanaoshuka hapa. Itawasaidia." Alimwachia, na hakutaka hata senti, kuliona jina lake limening'inizwa kwa kibanio dirishani kulimtosha. Akipita na mizigo yake alipunguza mwendo makusudi ili alisome.

Ukurasa wa nne ulikuwa ndio uti wa mgongo wa yote. Usiweke pesa mkobani, mkoba ndio wa kwanza kuporwa. Usiweke kifuani, kila mwizi anajua kifuani. Vaa gagulo chini ya gauni, zishone pesa ndani ya pindo lake, upande wa kushoto, kwa uzi mweusi, ili ukifika dukani uzifumue kwa mkono wa kulia bila kuinama sana. Kwenye gesti ya yule baba wa shati la kijivu, lala chumba cha tatu, cha tano au cha saba, maana makomeo yake Mama Zipu ameyakaza mwenyewe. Ondoka kwa mlango wa nyuma, saa kumi na mbili asubuhi, kabla wapiga debe hawajajaa mlango wa mbele. Na mwisho kabisa, mstari aliouongeza siku ile ile mbele ya kompyuta, kwa sababu ulimpendeza: *Mwanamke atakayefuata haya yote haibiwi.*

Wifi yake, dada mdogo wa mume wake, ndiye aliyekuwa wa mwisho sokoni kuanza safari. Aliuza viatu vya watoto, alivyokuwa akivipata kwa mtu wa kati aliyemlia faida yote. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwoga wa umati, mwenye ulimi mkali nyumbani na mpole njiani. Alipoamua kwenda mwenyewe alimfuata Mama Zipu mezani.

"Wifi, hii ya kwanza twende wote. Nishike mkono mara moja tu, ya pili nitakwenda mwenyewe."

Siku hizo Mama Zipu alikuwa na bitana mpya za kuuza. "Nimekuandikia kitabu kizima, bado unataka nikushike mkono? Kujifungua ulijifungua peke yako, kununua ndala kutakushinda?"

"Kujifungua kulikuwa na mkunga."

"Na huku kuna Katiba. Nenda, wifi. Nitakwenda na wewe safari nyingine, una yako kwangu."

Akaenda. Akalala chumba cha tano. Akatoka kwa mlango wa nyuma saa kumi na mbili. Kwenye uchochoro ule, wenye mapipa ya taka na ukuta mmoja usio na dirisha, wanaume wawili walimngoja. Hawakugusa mkoba. Mmoja alimziba mdomo, mwingine akachuchumaa, akafunua gauni, akapitisha wembe kwenye gagulo. Wifi alirusha teke, na wembe ukaingia nyuma ya goti.

Hospitali walimshona. Nguo ingeshonwa ingeisha hapo, lakini mtu si nguo. Daktari alisema mshipa wa fahamu umekatika. Kidonda kitapona, mguu hautainuka tena kama zamani. Ndugu walikwenda wakamleta nyumbani kwa kaka yake, chumba cha nyuma, kitanda karibu na dirisha.

Wiki tatu Mama Zipu alimhudumia. Alimletea maji ya kuoga, akamfulia nguo, akambadilisha bandeji kwa mikono miepesi. Lakini mdomo wake haukuwa na mikono miepesi. Kila siku aliuliza swali jipya. Ulishona kwa uzi mweusi kweli? Labda ulitumia mweupe ukaonekana. Ulijigusagusa kwenye basi? Watu wakiwa na pesa hujigusagusa. Ulimwambia mtu? Ulitazama nyuma? Wifi alijibu "ndiyo" na "hapana" akitazama ukuta, na Mama Zipu alitoka akitikisa kichwa, akimwambia mume wake jikoni, kwa sauti inayosikika, kwamba dada yake ni msahaulifu toka utotoni.

Siku ya ishirini na mbili aliingia na beseni la maji. "Nimefikiri. Lazima ulikosea chumba. Ulilala cha nne."

Wifi akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu aletwe nyumbani.

"Nilikuwa nangoja uniulize swali moja," alisema. "Siku ishirini na mbili. Umeniuliza uzi, umeniuliza chumba, umeniuliza kama nilijikuna. Hujaniuliza wao walijuaje."

"Walijuaje nini?"

"Kushoto. Yule aliyeniziba mdomo alimwambia mwenzake, 'Kushoto, uzi mweusi, usihangaike na mkoba.' Nilifuata, wifi. Mstari kwa mstari. Nilifuata ndiyo maana walinipata."

Beseni halikuanguka. Mama Zipu alilitua chini polepole, maji yakatulia, akabaki ameinama juu yake kana kwamba kuna kitu alichotaka kukisoma humo.

Kesho yake alipanda basi la kwanza. Hakwenda kununua kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye fotokopi, akaikuta Katiba imening'inia palepale dirishani, imepauka kwa jua.

"Hizi umeuza ngapi?"

"Nyingi, mama! Zinatoka kama maandazi. Mia mbili na ushei."

"Kwa nani?"

"Kwa wanawake." Mtu wa fotokopi alifikiri. "Na wanaume pia."

"Wanaume wanazitaka za nini?"

"Nilidhani wanawapelekea wake zao."

Mama Zipu alimtafuta uovu usoni akaukosa. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye wino vidoleni, aliyeuza karatasi kwa anayelipa. Hilo lilikuwa baya zaidi, maana mwovu ungemtukana ukapata nafuu. Mama Zipu alizichukua nakala zilizobaki, thelathini na saba, akamsimamia hadi akafuta maandishi kwenye kompyuta.

"Na zile zilizokwisha toka?" aliuliza.

"Zile mimi nitazipata wapi, mama? Jina liko lako juu."

Alirudi na furushi la karatasi mapajani. Saa saba za njia ni nyingi kwa mtu anayejua kuhesabu. Siri ya watu wawili ni siri. Ya watu mia mbili ni tangazo. Alikuwa amewavalisha wanawake wote sare moja, sare ya ndani, kisha akaitangazia dunia mfuko uko wapi. Alipofika nyumbani alimwambia mume wake kabla hata ya kuvua viatu. Hakupunguza neno.

Mwashi alisikiliza hadi mwisho, mkono kiunoni. "Wewe kazi yako ni mambo ya mafundi," alisema. "Unajua maana ya chaki. Wao wamekata tu. Aliyechora alama kwenye mwili wa dada yangu ni wewe."

Siku tisa hakusema naye ila "chumvi" na "mlango."

Lakini mume alikuwa mmoja. Sokoni kulikuwa na wanawake arobaini, na kumi na wawili kati yao walikuwa wasafiri wiki ile. Mama Zipu aliweza kunyamaza. Aliweza kusema Katiba imepitwa na wakati, anaandika mpya, rudisheni za zamani. Wangerudisha, na jina lake lingebaki safi. Usiku kucha alilifikiria hilo, tusidanganyane, alilifikiria sana. Asubuhi akaenda kwa mwenyekiti, akamwomba aite kikundi.

Walikaa nyuma ya ghala la sabuni, juu ya kreti zilizopinduliwa. Mama Zipu alisimama. Alizoea kusimama pale kwa mikono kiunoni. Siku ile hakujua aiweke wapi.

"Wifi yangu hakukosea," alisema. "Nimekosea mimi. Wezi wanayo Katiba. Wanajua chumba, wanajua mlango, wanajua saa, wanajua upande. Kila nililowaambia mfanye, msifanye."

Mwenyekiti, kwa ile tarumbeta yake: "Toka lini?"

"Sijui. Toka ilipopigwa chapa, nadhani. Miaka miwili."

Muuza vikombe, mama mnene aliyekuwa akicheka hata msibani, aliinua mkono kama mtoto wa shule. "Mimi walinichana mwezi wa pili mwaka jana," alisema. "Kushoto. Walichukua yote. Niliwaambia nyinyi nimenunua mzigo mbovu nikautupa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nisemeje? Imeandikwa anayefuata haibiwi. Nikasema basi mimi ndiye sikufuata. Niliona haya."

Mkono wa pili ukainuka, wa muuza nywele za bandia. Halafu wa tatu, wa mama mmoja mzee muuza kanga za mtumba, ambaye aliuinua tu akaushusha, na kila mtu akaelewa kwamba yeye hakuibiwa pesa peke yake.

Mama Zipu alikaa chini. Komeo, taa, mabomba, yote yale aliyagombania kwa miaka. Na mstari mmoja tu, uliomjia mbele ya kompyuta kwa sababu ulikuwa mtamu mdomoni, ndio uliowafunga midomo wanawake watatu wakati kusema kwa mmoja kungemwokoa wa nne.

"Sasa tufiche wapi?" mmoja aliuliza.

"Usiniambie," alisema Mama Zipu. "Kila mtu atafute pake. Na asimwambie mtu, hata mimi. Hasa mimi."

"Wewe tena," alisema mwenyekiti, "ndiye wa mwisho kuambiwa kitu hapa." Hakuna aliyecheka.

Siku ile ile walimvua usimamizi wa safari, kazi aliyoachiwa na kikundi miaka yote. Nakala zilichomwa kwenye pipa, moshi ukawawasha macho, ikawa rahisi kwa waliotaka kulia. Tangu hapo wanawake walisafiri wawili wawili na kuelezana njiani kwa mdomo. Yule mama mzee wa mitumba hakusafiri tena. Mafundi waliendelea kununua zipu, kwa kuwa hakukuwa na meza nyingine, lakini mazungumzo yalikufa pale mezani. Watu walisema rangi, wakasema urefu, wakalipa, wakaondoka. Hata kumtania hawakumtania. Na mtu asiyetaniwa sokoni ni kama mtu aliyekwisha zikwa, ila bado anauza.

Miezi minane ikapita. Wifi alirejea nyumbani kwake mwenyewe, akajifunza fimbo, akarudi kuuza viatu vya yule mtu wa kati, kwa faida ile ile ya kulamba. Siku moja mchana alikuja mezani akiburuta mguu, akasimama mbele ya zipu.

"Una deni langu," alisema.

Mama Zipu aliacha kupima lastiki. "Najua."

"Hujui. Unafikiri nasema mguu. Mguu utanilipa kwa kitu gani, kwa vifungo? Nasema safari. Uliniambia nina safari moja kwako. Nimekuja kuidai."

"Wifi, kule tena?"

"Niende wapi, viatu vinaota kwenye miti? Kesho. Na usije na daftari."

Walikwenda. Kwenye basi hawakusema zaidi ya maneno kumi. Gesti walichagua kwa kuitazama, si ile ya zamani, wakalala kitanda kimoja migongo ikigusana. Asubuhi, jua likiwa juu na barabara imejaa watu, walitoka kwa mlango wa mbele.

Duka la jumla la viatu lilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi za saruji, nyembamba, zisizo na pa kushika. Wifi alianza kupanda. Aliweka fimbo, akapandisha mguu mzima, akauvuta ule mwingine kama anavuta mzigo wa mtu asiyempenda. Mama Zipu alipanda nyuma yake, mikono mbele, tayari kudaka.

"Ondoa mikono. Sijaanguka."

Akaiondoa. Kwenye ghorofa ya pili Mama Zipu alitaka kusema kwamba upande wa ukutani ngazi ni pana zaidi, akauma ulimi. Walitumia dakika ishirini kwa ngazi ambazo wengine waliruka wakishika simu.

Mwenye duka alimwona mama mwenye fimbo akataja bei ya kumhurumia, yaani ya kumwibia. Wifi aliketi juu ya boksi bila kukaribishwa. "Baba, mimi nimekatwa mara moja katika jiji hili," alisema. "Wewe utakuwa wa pili?" Ikachukua saa nzima. Mama Zipu alisimama mlangoni kama alivyoambiwa, akitazama ngazi, akijua bei halisi ya kila jozi na hakuitaja hata moja. Wifi alinunua jozi themanini, akahesabu mwenyewe, kushoto na kulia, akahakikisha hakuna boksi lenye viatu viwili vya mguu mmoja. Pesa alizitoa mahali ambapo Mama Zipu hakuona, kwa sababu aligeuza uso.

Wachukuzi walishusha mizigo hadi kituoni. Wifi alipandishwa ngazi za basi kwa taabu, akaketi, akafuta jasho kwa upindo wa mtandio. Mama Zipu alipita akaketi upande wa dirisha, begi magotini.

"Wifi," alisema.

"Hapana. Usianze." Wifi alinyoosha ule mguu kwa mikono miwili, akauweka sawa chini ya kiti cha mbele. "Safari umelipa. Hiyo sikudai tena."

"Na deni lile lingine?"

Wifi alitazama mbele, mahali dereva alipokuwa akigombana na abiria juu ya mzigo.

"Safari umelipa," alirudia. "Sasa nipishe, nataka kukaa dirishani."